Mwanachuo na Mifupa Yake

Hapana dhana iliyostawi vyuoni kama hii ya kwamba mwili ni punda wa kubebea kichwa. Mwanafunzi akikaa kitini toka asubuhi hata usiku husifiwa kwa bidii. Akionekana uwanjani huulizwa kama amemaliza kusoma. Dhana hiyo ina umri mrefu, ina watetezi wenye majoho, na ni potofu.

Watetezi hao husema kuwa ujana wenyewe ni afya, na maradhi ya mifupa ni ya vikongwe. Kweli, mfupa wa kikongwe ni mwepesi wa kuvunjika. Lakini hesabu yake ilianza zamani. Mfupa ni kitu hai. Kila siku hubomolewa kidogo na kujengwa tena, na katika ujana ujenzi hushinda ubomoaji. Sehemu kubwa ya akiba ya mifupa huwa imekwisha wekwa mtu afikapo miaka 20, na kabla ya miaka 30 hivi akiba hiyo hufika kilele. Baadaye kazi ibakiyo ni kuilinda. Na kwa wanawake hupungua kwa kasi hedhi ikomapo. Basi miaka ya mwisho ya kuweka akiba ndiyo miaka ya chuo. Amwambiaye mwanafunzi apate shahada kwanza, mwili utafuata, amshauri mkulima angoje mvua ziishe ndipo apande.

Mfupa hujengwa kwa kuelemewa. Tabibu wa Kijerumani, Julius Wolff, aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujirekebisha kwa kadiri ya mzigo uupatao. Mkono wa mcheza tenisi ushikao raketi una mfupa mnene kuliko wa mkono mwingine. Na wanaanga wakaao angani kwa miezi, ambako uzito hauwaelemei, hupoteza katika nyonga asilimia 1 au zaidi ya mfupa kila mwezi. Kuogelea kwafaa moyo, lakini hakuupi mfupa mshindo uutakao. Kukimbia, kuruka kamba, netiboli na kunyanyua vitu vizito huupa. Hata ngoma ya kukita miguu, ambayo baadhi ya wasomi huiona ushamba, ina haki ya kuhesabiwa hapa.

Chuo cha Dar es Salaam kilihamia Mlimani mwaka 1964, mahali ambapo kupanda na kushuka peke yake ni zoezi. Leo bodaboda na bajaji humwondolea mwanafunzi mlima wake kwa nauli ndogo. Dereva hana lawama, atafuta riziki.

Kosa jingine ni kuifanya mizani kuwa kadhi. Kipimo cha kugawa uzito kwa mraba wa kimo kilitokana na Quetelet, mwanahisabati wa Ubelgiji katika karne ya 19, aliyekuwa akichunguza watu kwa makundi, si kumtibu mgonjwa. Hakitofautishi msuli na shahamu. Wanafunzi wawili wenye kilo 65 na kimo kimoja waweza kupewa jibu moja, hali mmoja ni msuli na mwingine ni mafuta yaliyokalia mfupa mlegevu. Vibaya zaidi, mizani humpongeza msichana ajinyimaye chakula. Chakula kikipungua mno hedhi hukatika, homoni ya estrojeni hushuka, na mfupa huanza kuliwa. Naye husifiwa umbo!

Watasema muda haupo. Shirika la Afya Duniani lataka dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, au zaidi, na siku mbili za kutia misuli nguvu. Juma lina dakika 10,080. Asiyeweza kutoa 150 katika hizo hana upungufu wa muda. Ana upungufu wa heshima kwa mwili wake, na heshima hiyo hakufundishwa na chuo kilichogeuza kiwanja kuwa maegesho ya magari.

Ratiba ya chuo huandikwa na watu, nayo yaweza kuandikwa upya. Saa kumi alasiri, mara tatu kwa juma, pasiwe na mhadhara wala mtihani, na lango la uwanja liwe wazi bila mwanafunzi kulazimika kuandika barua ya maombi.