Jumba la Bukindo na Swali la Shangazi

Safari hii sikwenda Zanzibar wala Bagamoyo kutafuta majumba ya kale. Mimi na mume wangu tulipanda meli Mwanza, saa tatu hivi majini, tukashuka Nansio, kisiwani Ukerewe. Ndiko kwao.

Shangazi yake alitupeleka Bukindo kuona jumba la watemi wa Wakerewe. Ni jumba kubwa la mtindo wa Kizungu, la enzi za Waingereza, yaani hulitegemei kabisa kulikuta kule. Wenyeji hulihusisha na Mtemi Michael Lukumbuzya, wa mwisho kutawala kabla serikali haijafuta utemi mwaka 1963. Kwa Shangazi, lakini, pale ni kazini kwa mama yake. Alikuwa akipika humo. "Mama alikuwa anarudi usiku ananuka moshi," alisema, akicheka peke yake.

Halafu, si unajua tena shangazi! Akanigeukia: "Mwanangu, mwaka wa sita huu. Mjukuu lini?"

Nimelizoea swali hilo. Huwa natabasamu, naangalia chini.

Ukoo huo wa watemi ndio uliomzaa mwandishi Aniceti Kitereza, mjukuu wa Mtemi Machunda. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Alikitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikachapwa na Tanzania Publishing House zaidi ya miaka thelathini baadaye. Alifariki mwaka 1981 bila kukishika mkononi, jambo linaloniuma kila nikilikumbuka. Kisa kinaanza na mke asiyepata mtoto. Ndugu wa mume wanamsema, wazazi wake wanamchukua, na Myombekere anakwenda ukweni kumwomba arudi. Wakwe wanamtoza pombe ya ndizi, naye anahangaika mpaka anailipa.

Nilimsomea mume wangu sehemu hiyo melini. Alinyamaza, akabaki anaangalia ziwa. Nikajua kwa nini. Vipimo tulifanya miaka miwili iliyopita, na tatizo halikuwa kwangu. Tulikubaliana iwe siri yetu. Ila siri hiyo, kusema kweli, nilikuwa naibeba mimi: dawa za mizizi nilinywa mimi, maombi nilipelekwa mimi.

Pale nje ya jumba nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, kama kawaida.

"Shangazi," mume wangu akasema, "usimuulize yeye. Ni mimi. Daktari kasema ni mimi."

Shangazi alimtazama kwa muda mrefu. Akafunga vizuri kanga yake, akaniangalia mimi, akataka kusema kitu, akaacha.

"Twendeni nyumbani," akasema hatimaye. "Sato wanapoa."

Njiani alinishika mkono mpaka mlangoni.