Michezo Mikongwe ya Kompyuta: Je, Ingali na Faida?

Hakuna mtu anayeuliza kama mchezo wa bao umepitwa na wakati. Mashimo yake 32 na kete zake 64 ni yale yale waliyoyajua wazee wetu, na bingwa wa leo hana sababu ya kuwadharau. Michezo ya kompyuta haikupewa heshima hiyo. Mchezo wenye umri wa miaka kumi huitwa mkongwe, na wenye miaka thelathini huhesabiwa kuwa takataka. Katika makala haya nakusudia kutetea aina moja ya michezo hiyo mikongwe, nayo ndiyo iliyo ngumu kuliko zote kuitetea: ile ambayo mchezaji huona kila kitu kwa macho ya mtu aliyeshika bunduki, na kazi yake kubwa ni kufyatua risasi.

Michezo ya namna hiyo iliyovuma sana katika siku zake ni Wolfenstein 3D ya mwaka 1992, Doom ya mwaka 1993 na Quake ya mwaka 1996, yote ikiwa kazi ya kampuni ya id Software ya Texas, Marekani. Doom iliweza kuendeshwa na kompyuta yenye kumbukumbu ya megabaiti 4 tu. Simu nyingi za mkononi za siku hizi zina kumbukumbu kubwa kuliko hiyo mara elfu moja na zaidi.

Wakati wa likizo moja nilikwenda nyumbani Makere nikiwa na kompyuta mbili kuukuu zilizokuwa zimekwisha kuondolewa kazini. Michezo mipya haikuweza kuendeshwa na mashine hizo, wala hapakuwa na intaneti ya kuitegemea. Doom iliendeshwa bila taabu, na vijana wa sekondari wakajaa sebuleni.

Siku ya pili baba yangu mdogo alisimama mlangoni, akasikiliza milio ile, kisha akasema: "Mwanangu, sisi hapa tumepokea watu waliokimbia risasi. Leo wewe umetoka chuo kikuu kuwaletea watoto risasi za kuchezea?"

Sikuwa na jibu la haraka. Makere ni jirani ya kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita mashariki mwa Kongo, na ambayo mwaka 2015 ilipokea pia Warundi kwa maelfu mengi. Mahali kama hapo bunduki si hadithi. Ni kweli kwamba mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilieleza kuwa ushahidi hautoshi kusema michezo hii husababisha uhalifu wa kutumia nguvu, ingawa kiliona uhusiano mdogo kati yake na ukali wa tabia, kama kupiga kelele na kusukumana. Lakini mzee hakuniuliza habari za uhalifu. Aliniuliza habari za adabu. Aliuliza pia, bila kutamka, kama mchezo huo una kitu kingine ndani yake zaidi ya risasi.

Kitu hicho kipo. Mchezaji anapogeuka ndani ya chumba, kompyuta itajuaje ukuta upi uonekane na upi umefichwa nyuma ya mwingine? Kwa mashine dhaifu za mwaka 1993 hilo lilikuwa tatizo kubwa. John Carmack, mtunzi mkuu wa programu ya Doom, alitumia njia iliyoelezwa mwaka 1980 na wataalamu Fuchs, Kedem na Naylor. Tuchukue mfano wa shamba. Ligawe mara mbili kwa mstari mmoja, kisha kila kipande ukigawe tena, mpaka ubakiwe na vipande vidogo ambavyo ndani yake hakuna ukuta unaouziba mwingine. Kazi hiyo hufanywa mara moja tu, kabla ya mchezo kuanza. Baada ya hapo kompyuta hujiuliza swali jepesi kwa kila mstari: mchezaji yuko upande huu au ule? Kutokana na majibu hayo hupata mpangilio wa kuta zote, kuanzia ya karibu hadi ya mbali.

Haya yote yanaweza kusomwa na mtu yeyote. Mwaka 1997 kampuni ile iliyatoa hadharani maandishi ya programu ya Doom, na mwaka 1999 ikayaweka chini ya leseni ya programu huria, hata kila mtu akaruhusiwa kuyasoma, kuyabadili na kuyagawa. Picha na sauti za mchezo wenyewe zilibaki kuwa mali ya kampuni, lakini wapo waliotengeneza nyingine za bure, katika mradi uitwao Freedoom. Michezo mingi mipya ni kama sanduku lililofungwa kwa kufuli: utacheza, lakini hutajua kilichomo.

Basi nikawaambia vijana wale kwamba atakayetaka kuendelea kucheza, na aufungue mchezo. Waliondoa mashetani wakaweka nyani wanaokula mahindi. Bunduki wakaifanya kombeo. Nyani wa kwanza alituchekesha sana, kwa kuwa alitutazama usoni hata alipokuwa akikimbia kutupa mgongo. Hapo ndipo walipogundua kwamba viumbe wa Doom si vinyago bali ni picha bapa, na kwamba kila kiumbe huchorwa kwa pande nane. Wao walikuwa wamechora upande mmoja tu. Walirudi kwenye karatasi, wakaanza kupima pembe.

Kwa maoni yangu, basi, michezo hii ingali na faida, ila kwa masharti. Isiwe ya watoto wadogo. Isicheze mtu aliyewahi kusikia milio ya kweli, isipokuwa kwa hiari yake mwenyewe. Na mwalimu asiilete kama burudani peke yake; ailete pamoja na maandishi yake, kama fundi anavyoleta injini kuukuu ili ifunguliwe mbele ya wanafunzi. Kijana anayecheza tu, bila kuufungua, atapata kidogo; hapo baba yangu mdogo ana haki.

Mwenyewe bado haipendi bunduki ile, nami simlaumu. Lakini kabla sijaondoka aliketi akatazama nyani akifukuzwa shambani, akauliza ni nani aliyemchora. Kijana aliyejibu alikuwa mjukuu wake.