Winchi ya bei chee ni pambo

Maombi yamezidi: "Ukipita Bandari ya Hamriya nitafutie winchi ya bei chee, nifunge mbele ya Land Cruiser." Jamani, leo tubishane.

Winchi hainunuliwi kwa bei, inanunuliwa kwa uzito wa gari. Hesabu gari likiwa na mafuta, abiria na mzigo, kisha zidisha mara moja na nusu. Gari la tani 3 linataka winchi ya tani 4 na nusu, karibu pauni 10,000. Ile ya pauni 9,500 mnayoing'ang'ania ni tani 4.3 tu. Ya 12,000 ni tani 5.4. Chukueni hiyo.

Mtasema 9,500 imekaribia. Haijakaribia! Namba hiyo ni ya waya ukiwa umebaki safu ya kwanza tu kwenye ngoma. Kila safu inayozidi, nguvu inapungua. Na tope la masika likishika tumbo la gari, linavuta kuliko uzito wenyewe.

Kuna anayejitetea kwa kapi. Kweli, mabaharia wa majahazi hapa Hamriya wanalijua: kapi moja karibu linazidisha nguvu mara mbili, lakini mwendo unabaki nusu. Kapi ni msaidizi, si kisingizio.

Gari hilohilo ndilo linalowahisha mgonjwa hospitali. Likinasa usiku, dirham mlizookoa hazitalivuta.

Mkiandika tena, anzeni na uzito, bei baadaye. Tuko pamoja.