Jawabu Hufuata Swali

Siku hizi haipiti wiki ila mwanachama mmoja au mwengine hutujia na khabari ya alilojibiwa na akili mnemba katika simu. Mmoja huisifu hata ukadhani amezungumza na mtaalamu wa mikarafuu. Mwengine huilaani, akasema ni muongo mkubwa. Sisi twaona ya kuwa mara nyingi wote wawili wametumia mtambo ule ule, na tofauti yao haimo katika mtambo bali imo katika swali. Kwa hivyo tumependa kutoa rai yetu juu ya jambo hili, kwani mkulima anayeuliza vibaya hapotezi wakati wake tu. Huenda akapoteza na fedha zake, na mikarafuu yake pia.

Kwanza yafaa tujue mtambo huu ni kitu gani. Watu wengi waliupata mikononi mwao tangu ChatGPT ilipotolewa tarehe 30 Novemba 2022, na leo iko mitambo mingi ya namna hiyo. Umesomeshwa maandishi mengi mno mpaka ukajua maneno gani huelekea kufuatana na maneno gani. Ukiupa mwanzo wa mazungumzo, huyaendeleza. Haujapata kukanyaga Wete wala Mkoani, na shamba lako hauligusi wala hauupapasi udongo wake. Unalolijua juu ya shamba hilo ni lile ulilouandikia au ulilouonyesha kwa picha. Usipouambia jambo, hukisia, na hukisia kwa maneno fasaha yasiyoonyesha kuwa ni kisio.

Tutoe mfano mmoja unaotuhusu. Mtu huandika: "Mkarafuu wangu unakufa, nifanye nini?" Mkarafuu upi? Wa nchi gani? Indonesia ndiyo inayotoa karafuu nyingi kuliko nchi zote duniani, na huko yako maradhi yaitwayo maradhi ya Sumatra, yaletwayo na bakteria na kuchukuliwa na wadudu wadogo kutoka mti hadi mti. Basi mtambo waweza kukujibu kwa maradhi hayo, ukakwambia upige dawa ya wadudu. Lakini maradhi yaliyojulikana sana Zanzibar ni mengine. Yako yale ya kufa ghafla, ambayo wataalamu waliyahusisha na kuvu aitwaye Valsa eugeniae, nayo hushika mikarafuu mikubwa iliyokwisha kuzaa. Na yako yale ya kukauka matawi, ya kuvu aitwaye Cryptosporella eugeniae, ambaye huingia katika vidonda, kama vile pale mchumaji anapovunja tawi. Mwenye kununua dawa ya wadudu kwa maradhi haya atakuwa amemwaga fedha zake chini ya mti, na mti utaendelea kufa.

Sasa tutazame swali la mtu huyo huyo akiuliza kama mkulima:

"Mimi ni mkulima wa karafuu kisiwani Pemba, Zanzibar. Nina mikarafuu 40, mingi ni ya zamani. Tangu masika kumalizika, mitatu imenyauka kwa ghafla, na majani yamekauka yakiwa bado mtini. Miche iliyo karibu ni mizima. Shamba liko mteremkoni na bondeni maji hutuama. Sijatia dawa yoyote. Nitajie maradhi au sababu zinazoweza kuleta hali hii hapa Zanzibar, si katika nchi nyengine. Kwa kila moja, nieleze nikatazame nini katika majani, gome na mizizi. Usinitajie dawa kwanza. Pale usipokuwa na hakika, sema huna hakika. Na kama kuna jambo wahitaji kulijua kabla ya kujibu, niulize."

Swali hili halina neno hata moja la kitaalamu. Nguvu yake imo katika mambo matano. Limesema muulizaji ni nani na yuko wapi. Limeeleza aliyoyaona kwa macho yake, na hata yale asiyoyafanya. Limeweka mpaka, ili jawabu lisitoke Sumatra. Limesema jawabu liwe la sura gani. Na limeupa mtambo ruhusa ya kukiri kutojua na ya kuuliza. Mwanachama akiyashika matano haya, ataweza kuuliza juu ya mbolea, barua, hesabu au bei.

Katika hesabu khasa, yako mambo mawili yaliyokwisha kujaribiwa. Mwaka 2020 watafiti walionyesha ya kuwa mtambo hufanya kazi vizuri zaidi ukipewa mifano michache ya kazi unayoitaka kabla ya kuambiwa uifanye. Kwa hivyo anayetaka barua ya kuomba miche, asiseme "niandikie barua" akanyamaza, auonyeshe barua moja nzuri ya zamani, kisha aseme, "Andika kama hii, kwa mambo yangu haya." Na mwaka 2022 ikaonekana ya kuwa mitambo ile, ikitakiwa iende hatua kwa hatua, hukosea kidogo zaidi katika hesabu. Basi anayetaka kujua ujira wa wachumaji autake mtambo uandike kila hatua, ili naye aweze kuikagua. Na anayehesabu kwa pishi aueleze mtambo pishi yake ni kilo ngapi. Asipoueleza, utachukua kipimo cha watu wengine.

Liko na suala la lugha. Mitambo mingi imesoma Kiingereza kingi na Kiswahili kichache, na katika hicho Kiswahili, maneno ya shambani ni machache zaidi. Usishangae basi ukiandika "makonyo" nao ukakujibu mambo ya ajabu. Eleza neno mara moja: makonyo ni vijiti vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Kisha uambie ueleze kwa maneno yake ulivyokufahamu, kabla haujajibu. Hapo utajua kama mnazungumza jambo moja.

Kuna hatari nyengine ambayo wengi hawaioni. Wahenga walisema hewala haigombi, na mtambo huu ni bingwa wa hewala. Ukiuuliza, "Si kweli kwamba karafuu zangu zimekauka vya kutosha?" huelekea kukuitikia. Muulizaji ndiye aliyeutilia jawabu mdomoni. Afadhali aulize: "Nimezianika siku tatu, siku moja mvua ilinyesha. Nitajuaje kama zimekauka au bado?" Swali la namna hii halina jawabu ndani yake, nalo humpa mkulima kitu cha kwenda kukijaribu kwenye jamvi.

Tena, jawabu zuri si lazima liwe la kweli. Mwezi Juni 2023, mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi ambazo hazikupata kuwako. Zilibuniwa na ChatGPT, nao hawakuzihakikisha. Ikiwa watu wa sheria wamepatwa na hayo, sisi tujihadhari mara mbili. Katika nchi nyengine mkulima humuuzia karafuu mfanyabiashara amtakaye, na mtambo waweza kukushauri ufanye hivyo hivyo. Kwetu biashara ya karafuu ina sheria yake, na mwenye kuivunja hataokoka kwa kusema ameambiwa na simu. Kifungu cha sheria kikasomwe katika sheria yenyewe. Dawa ikaulizwe kwa bwana shamba. Na nambari za kitambulisho, za benki, na siri za nyumba zisiandikwe humo kabisa.

Tumesikia pia kuwa wako wanaouza orodha za "maneno ya siri" ya kuuliza, kama hirizi. Rai yetu ni kuwa mwanachama asitoe hata senti moja kwa ajili hiyo. Siri ya swali zuri ni kuijua kazi unayoiulizia. Aliyechuma, akaanika na kupeleka kituoni kwa miaka arubaini anazo robo tatu za swali, hata kama hajapata kuishika simu hiyo. Yaani anakaribia kulimaliza, limebaki kuandikwa tu.

Na hapa ndipo lilipo jambo letu kubwa. Katika majumba mengi kazi hii wameachiwa vijana. Mzee husema, "Hebu mwanangu, niulizie," naye kijana huandika maneno matano, hupokea jawabu refu, humsomea babu yake, na wote wawili hulisadiki. Kijana anaijua simu lakini haujui mti. Mzee anaujua mti lakini haijui simu. Kila mmoja akimtegemea mwenzake bila ya kukaa pamoja, swali hutoka bovu. Tunasema wakae jamvi moja. Mzee aeleze aliyoyaona, kijana aandike yote bila ya kufupisha, kisha mzee alipime jawabu kwa aliyoyazoea. Atakapoona halilingani, warudi waulize tena kwa kuongeza lililosahauliwa, kwani swali la kwanza aghlabu si la mwisho. Watu wawili hawa wakikutana hivyo, kijana naye atakuwa amejifunza ukarafuu, na faida hiyo huenda ikashinda ile ya mtambo.

Kwa hivyo tunapendekeza kila tawi la chama liweke jioni moja kwa mwezi ya kufundishana kuuliza, na liwe na daftari. Ndani ya daftari liandikwe swali kama lilivyoulizwa, jawabu lililotoka, na aliyosema bwana shamba baada ya kulitazama. Majawabu yaliyoonekana ya uongo nayo yabakie humo, ili mwengine asije akadanganywa kwa swali lile lile. Daftari kama hilo litakuwa mali ya chama.

Kuuliza si ujinga, na hilo twalijua tangu utotoni. Lakini kuuliza nako ni kazi, kama kuchambua: ukiharakisha, makonyo yatabaki ndani ya karafuu, na mzigo wote utashushwa daraja. Tuwataraji wanachama walianze jambo hili kabla ya msimu kuingia, kwani msimu ukiingia hapana atakayepata nafasi ya kukaa.