Nguvu ya ziada ya lori hulipiwa mlimani

SHERIA ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 iliweka tani 56 kuwa uzito wa juu zaidi wa lori na shehena yake. Mizani ya Mariakani na Gilgil hupima uzito huo. Haipimi dizeli inayomiminwa ndani ya injini. Mwenye lori asiyeweza kuongeza mzigo hutafuta faida kwa kufupisha safari, na aghalabu humtaka fundi afungue pampu zaidi.

Nguvu hupatikana kweli. Tatizo ni kwamba dizeli ya ziada huhitaji hewa ya ziada, ilhali barabara hupanda kutoka usawa wa bahari hadi takriban mita 1,700 jijini Nairobi, kisha karibu mita 2,700 Timboroa. Hewa ya Nairobi ni hafifu kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 15. Turbo hufidia sehemu ya upungufu huo, lakini nayo ina kikomo chake. Moshi mweusi, ambao baadhi ya madereva huuona kuwa ishara ya nguvu, ni dizeli iliyokosa hewa.

Gesi inayowaka ndani ya silinda huweza kupita nyuzi 2,000 za Selsiasi. Aluminiamu, ambayo pistoni nyingi hutengenezwa kwayo, huyeyuka kwenye nyuzi 660. Pistoni husalimika kwa sababu ringi hupeleka joto kwenye ukuta wa silinda na oili huipoza kutoka chini. Lori linapokokota shehena kamili mlimani kwa nusu saa, joto huingia upesi kuliko linavyotoka. Pistoni hupanuka, hukwaruza silinda, na hatimaye kichwa chake hutoboka.

Kinga si ghali ikilinganishwa na injini mpya: kipimajoto kwenye njia ya moshi kabla ya turbo, nozeli safi, na dereva anayeshusha gia mapema badala ya kukandamiza mafuta. Joto hilo likizidi nyuzi 700 hivi kwa muda mrefu, pampu yafaa irudishwe nyuma.

Hata hivyo, pampu ikirekebishwa Mombasa na lori kujaribiwa tupu kwenye barabara tambarare, kasoro hiyo haiwezi kuonekana. Itaonekana Timboroa, fundi akiwa ameshalipwa.