UCHANGANUZI: Kauli ya ‘sistimu iko chini’ huficha yaliyotendeka ghalani

MWANANCHI anayefika kwenye kaunta ya afisi ya umma na kuambiwa kwamba “sistimu iko chini” hana namna ya kujua ni kitu gani hasa kilichoanguka. Karani aliyemjibu pia hajui. Mara nyingi hata afisa wa teknolojia aliye ghorofa ya juu, ambaye simu yake imekuwa ikilia tangu alfajiri, huwa bado anabahatisha.

Kauli hiyo imezidi kuwa nzito humu nchini tangu Juni 30, 2023, siku ambayo Rais William Ruto alizindua zaidi ya huduma 5,000 za serikali kwenye jukwaa la eCitizen. Kabla ya mwezi kwisha, jukwaa hilo lilishambuliwa na wadukuzi walioligharikisha kwa maombi bandia, na watu waliotaka pasipoti au tiketi za reli wakakwama. Serikali ilikiri kuwapo kwa shambulio hilo na kusema hakuna data iliyopotea. Habari ya aina hiyo ni rahisi kusimulia kwa kuwa ina adui. Lakini mitambo mingi huanguka pasipo adui yeyote, na hapo ndipo maelezo kwa umma hukauka.

Mahali pamoja ambapo hitilafu zisizo na adui hupenda kujificha ni katika ghala la data linalotumiwa kwa pamoja na tarakilishi pepe. Tarakilishi pepe ni programu inayojifanya tarakilishi kamili. Seva moja kubwa inaweza kubeba kadhaa za aina hiyo, moja ikishughulikia malipo, nyingine barua pepe, nyingine sajili ya wagonjwa, na kila moja ikidhani iko peke yake. Diski ya tarakilishi pepe si chombo cha chuma. Ni faili moja kubwa tu, na faili hiyo kwa kawaida haiwekwi ndani ya seva inayoitumia, bali katika ghala lililo kando, linalofikiwa kwa nyaya za mtandao.

Faida ya mpango huo ni kubwa. Seva ikianza kuleta matata, tarakilishi pepe huhamishiwa seva nyingine bila kuzimwa, kwa kuwa diski yake haikuwa pale tangu mwanzo. Gharama hupungua, na kazi ya kutunza nakala huwa nyepesi. Hasara yake ni kwamba mashine zote hizo, ambazo kwenye karatasi ni nyingi na zimetengana, hunywa kutoka kisima kimoja.

Njia mojawapo kongwe ya kuteka maji ya kisima hicho ni utaratibu unaojulikana kwa herufi NFS, uliobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1984. Wabunifu wake walikuwa na shabaha ya kawaida kabisa: mfanyakazi aweze kufungua faili iliyo kwenye tarakilishi ya mwenzake kana kwamba ni yake. Kwa ajili ya usahili, waliamua seva ya faili isikumbuke lolote kuhusu wateja wake. Ikizimika, mteja hurudia ombi lake tena na tena hadi ajibiwe. Kwa mtu aliyekuwa akiandika ripoti, kungoja huko kulikuwa usumbufu mdogo tu wa kuvumiliwa.

Tarakilishi pepe haina uvumilivu huo. Inaamini kwamba ina diski halisi iliyo karibu, na diski halisi hujibu mara moja. Katika mipangilio ya kawaida ya Linux, diski za aina ya SCSI hupewa sekunde 30 tu kujibu kabla ya ombi kuhesabiwa kuwa limekwama. Makosa yakizidi, mifumo mingi hujilinda kwa kukataa kuandika chochote zaidi. Mashine huonekana hai. Inaitika ikiitwa, saa yake inasonga, lakini hakuna risiti inayohifadhiwa wala jina linalosajiliwa.

Hapo ndipo mtafutaji wa hitilafu anapoanza kudanganywa na ushahidi. Kipimo kinachoonyesha mzigo wa mashine katika Linux huhesabu pia kazi zinazosubiri diski. Ghala likikawia, kipimo hupanda mno ilhali kichakataji, ule ubongo wa tarakilishi, kimekaa bure. Afisa asiyelijua hilo huona “seva imelemewa” na kuandika barua ya kuomba fedha za kununua seva zenye nguvu zaidi (na hakuna muuzaji atakayemkosoa). Seva mpya zikifika, nazo husubiri ghala lilelile.

Hila nyingine maarufu inahusu ukubwa wa vifurushi vya data. Ili kuharakisha kazi, wataalamu huongeza ukubwa wa kifurushi kinachopita kwenye nyaya za ghala kutoka baiti 1,500 za kawaida hadi baiti 9,000. Ikiwa swichi moja tu njiani imesahauliwa, vifurushi vidogo hupita salama lakini vikubwa hutupwa. Mtaalamu akipima mtandao kwa ujumbe mfupi wa majaribio, anajibiwa vizuri na kuapa kwamba mtandao ni mzima. Mwenzake wa upande wa ghala naye anaapa kwamba ghala ni zima, kwa kuwa anaiona orodha ya faili. Tatizo hujitokeza tu mtu anapojaribu kusoma au kuandika kitu kikubwa. Mabishano kati ya watu wawili wanaosema kweli yanaweza kula siku nzima, hasa ikiwa mmoja ameajiriwa na wizara na mwingine na mwanakandarasi.

Yapo pia maamuzi yanayofanywa mapema, katika siku tulivu, ambayo huamua ukubwa wa hasara. Msimamizi anaweza kuiagiza mashine ingojee ghala bila kikomo, au ikate tamaa baada ya muda na kutangaza kosa. La kwanza hukwamisha huduma, na wananchi hupiga kelele. La pili huonekana la busara zaidi kwa kuwa huduma haikwami, ila data iliyokuwa njiani inaweza kupotea au kuharibika kimyakimya. Kwa diski za tarakilishi pepe, wenye ujuzi huchagua kelele.

Uamuzi wa hatari zaidi ni wa kuruhusu ghala lijibu “nimeandika” kabla halijaandika. Mpangilio huo huongeza kasi kwa kiasi cha kuvutia, na ndiyo sababu huchaguliwa na wanaosakwa na wakubwa kuhusu ucheleweshaji. Umeme ukikatika wakati ghala lina ahadi ambazo halijazitimiza, mashine zote zilizoambiwa kwamba data yao iko salama huwa zimedanganywa. Kosa hugunduliwa wiki kadhaa baadaye, wakati hesabu zinapokataa kulingana.

Ugumu wa kuusaka undani wa mambo haya ulidhihirika mwaka 2018 katika kampuni ya GitLab, ambayo programu yake hutumiwa kutunza kazi za waandishi wa programu. Mteja mmoja alilalamika mwezi Septemba kwamba mashine zake zilikuwa zikitoa tangazo la kosa lisemalo kwamba kishikio cha faili kimechakaa. Maana yake ni kwamba mashine ilishikilia anwani ya faili ambayo ghalani imekwisha kuondolewa. Jibu jepesi lingekuwa kumshauri azime na kuwasha. Wahandisi wa kampuni hiyo walifanya jambo jingine. Walijenga mfano mdogo wa mazingira ya mteja, wakatafuta hatua chache zinazoweza kuirudisha hitilafu wakati wowote, kisha wakanasa mazungumzo kati ya mteja na ghala na kuyasoma ujumbe kwa ujumbe.

Walichokikuta kilikuwa kinyume cha matarajio. Mashine moja ilipobadilisha faili kwa kuweka nyingine yenye jina lilelile, mashine ya pili iliendelea kusoma ile ya zamani mradi tu kulikuwa na programu iliyokuwa bado imeifungua. Kosa halikuwa la mteja wala la GitLab. Lilikuwa katika kiini chenyewe cha Linux, kinachotegemewa na sehemu kubwa ya seva duniani. Walipeleka ushahidi kwa watunzaji wa kiini hicho, na Trond Myklebust, msimamizi wa upande wa mteja wa NFS, akaandika marekebisho. Kampuni ilisimulia safari hiyo hadharani mwezi Novemba na kusema kwamba msako wenyewe ulichukua wiki mbili.

Wiki mbili za watu waliobobea, kwa hitilafu moja. Ni muhimu kuukumbuka muda huo kila mara kiongozi wa shirika anapoahidi mbele ya kamera kwamba huduma zitarejea “katika saa chache zijazo”. Huenda zikarejea kweli, kwa kuwa kuzima na kuwasha huondoa dalili mara nyingi. Pia hufuta kumbukumbu zilizokuwa zikishikiliwa na mashine, ambazo ndizo zingeeleza kilichotokea. Kuwasha upya si kosa, ila anayeifanya hatua hiyo kabla ya kuhifadhi kumbukumbu amejinyima jibu.

Kwa upande wa serikali, kisa kinachofaa kusomwa kwa makini ni cha Mamlaka ya Ushuru ya Australia. Ghala lake halikutumia NFS bali aina nyingine ya hifadhi ya pamoja iliyounganishwa kwa nyaya za mwanga, na lilitolewa na kampuni ya HPE. Desemba 12, 2016, ghala hilo lililoko Sydney lilianguka, likaangusha karibu huduma zote za mamlaka. Februari 2, 2017 likaanguka tena, safari hii wakati wa kazi ya kurekebisha nyaya zizo hizo.

Mamlaka ilichapisha ripoti yake Juni 2017, na ripoti hiyo haikuwapendelea waandishi wake. Diski 12 tu kati ya 800 ndizo zilizoharibika, lakini jinsi data ilivyopangwa ilifanya hasara ya diski hizo chache iguse karibu kila mfumo. Kwa miezi kadhaa kabla ya tukio, mitambo ilikuwa imeandika maonyo kuhusu sehemu ambazo baadaye zilifeli. Baadhi ya nyaya zilibadilishwa, ila hakuna aliyeyaunganisha maonyo hayo kuwa picha moja. Ghala lilikuwa limepangwa kwa kutanguliza kasi kuliko ustahimilivu. Na zana za programu zilizohitajika ili kulifufua ghala zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya ghala hilohilo. Ufunguo wa stoo ulikuwa umefungiwa stooni.

Australia ilibahatika kurejesha data yake. Korea Kusini haikubahatika hivyo. Moto uliozuka Septemba 26, 2025 katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, wakati betri zilipokuwa zikihamishwa, ulisimamisha mamia ya mifumo ya serikali na kuteketeza hifadhi ya pamoja ambamo watumishi wa umma walitunza hati zao za kazi. Zilipotea terabaiti zipatazo 858. Hakukuwa na nakala mahali pengine, na sababu iliyotolewa ni kwamba hifadhi hiyo ilikuwa kubwa mno kunakiliwa.

Nchini Kenya, sheria imelishughulikia nusu tu ya tatizo hili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humtaka anayeshikilia data za watu kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 iwapo data hizo zimefikiwa na mtu asiyeidhinishwa na kuna hatari halisi ya madhara. Sharti hilo limeandikwa kwa kumfikiria mwizi. Ghala likifeli lenyewe, sajili ya hospitali ikakosa kusomeka kwa siku mbili, au malipo yaliyopokewa yakakosa kuonekana kwa kuwa yalikuwa ahadi isiyoandikwa, saa 72 hizo hazianzi kuhesabiwa. Mwananchi anaweza kuomba maelezo kupitia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, lakini ni lazima kwanza ajue cha kuuliza.

Na vya kuulizwa havihitaji shahada ya uhandisi. Onyo la kwanza liliandikwa lini, na nani aliyelisoma? Kumbukumbu za mitambo zilihifadhiwa kabla ya kuwashwa upya? Zana za kufufua ghala ziko wapi, na mara ya mwisho zilijaribiwa lini? Swali lenye uzito kuliko yote linahusu kandarasi: shirika la umma lina haki ya kuziona kumbukumbu za ghala lake lenyewe, au ni mali ya mwanakandarasi anayelisimamia? Huko Australia, mamlaka ilieleza kwamba haikufahamishwa ipasavyo maana ya maonyo yaliyokuwa yakiandikwa na mitambo iliyokuwa ikiilipia. Kamati za Bunge zinazokagua zabuni za teknolojia huuliza sana kuhusu bei na jina la mshindi. Kifungu kinachoamua nani atasoma maonyo hayo kwa kawaida huwa katika viambatisho vya mwisho vya mkataba, kurasa ambazo ni nadra kufikiwa kabla ya kikao kuahirishwa.