Kompyuta Kuukuu na Orodha ya Wagonjwa

Kompyuta ya zahanati haifi upesi. Hutoka ofisi ya mganga mfawidhi, ikapelekwa dirisha la dawa, na mwisho hufikia meza ya mapokezi, ambako hutunza orodha ya wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu. Tangu Microsoft ilipokomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, Oktoba 14, 2025, wengi wanashauri mashine hizo zipewe Linux, mfumo huria usio na ada. Nakubaliana nao, lakini ushauri huo hutolewa kwa wepesi mno.

Mashine niliyoijaribu ilikuwa na prosesa ya biti 32. Debian 13 iligoma kuanza, kwani toleo hilo halina tena kisakinishi cha prosesa za aina hiyo; Debian 12 ikakubali. Kisha likaja swali, limeandikwa kwa upole kabisa: je, itumike diski nzima? Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Muuguzi aliyekuwa kando akauliza, “Daktari, na wale wagonjwa wetu wako wapi?” Walikuwa humo humo, pasipo nakala nyingine.

Tulisimama. Kunakili kulichukua alasiri nzima, katika diski ya nje iliyofungwa kwa nywila, maana siri ya mgonjwa haipaswi kutembea mfukoni mwa mtu. Naona kituo cha afya kisithubutu kubadili mfumo kabla nakala haijafunguliwa kwenye mashine nyingine na kusomwa. Nawe mgonjwa, usitupe kadi yako ya kliniki, hata ukiambiwa kila kitu kimo kwenye kompyuta.